Wimbo wa Tumbo la Sajini

Mpwa wangu Nzau ana shahada tatu na hawezi kuimba. La shahada hulitangaza mwenyewe. La kuimba tuliligundua Jumamosi kule Riruta, mbele ya geti la bluu, tulipokwenda kumchukua bibi harusi wake.

Nilimwambia alete watu wenye sauti. Yeye akaleta wahadhiri wenzake na majirani wa Kileleshwa, watu wa miwani myeusi na marashi, ambao wimbo pekee wanaoujua wote ni wa taifa. Geti la bibi harusi halifunguliwi kwa honi. Wanawake walio ndani huwachokoza kwa wimbo, nanyi mnajibu kwa wimbo, na mkishindwa mnakauka juani. Na pasta alikuwa akitusubiri kanisani katikati ya mji, na harusi nyingine imepangwa nyuma ya yetu. Tukichelewa, zamu imekwenda.

Ndani waliimba kwamba bwana harusi ameleta mabubu. Nikaanzisha pambio. Wenzangu wakapiga makofi kila mtu kivyake, kama wanaua mbu.

Nzau akasogea getini. "Mama zangu, kuna mshairi mmoja wa Scotland..."

Nilitaka ardhi inimeze. Jina la huyo Mskoti silitaji, maana Nzau amelitaja kiasi cha kututosha ukoo mzima. Alikuwa mwanajeshi katika vita vya Hitler, akatunga nyimbo za kuwasema wakubwa, na askari wakaziimba jangwani bila kujua katunga nani. Vita vilipoisha akazunguka na kinasa sauti akikusanya nyimbo za wachungaji na wachuuzi. Zake mwenyewe aliwaachia watu, wala hakudai jina. Nzau ameandika kitabu kizima kumsifu kwa hilo.

"Hatukuja lecture!" sauti ikajibu kutoka ndani. "Imba ama urudi Kileleshwa!"

Jasho likamtoka. Akafumba macho, akashika tuni ya Mskoti wake, ya askari wanaomcheka sajini wao, ndiyo pekee aliyoijua ukiondoa ya wimbo wa taifa. Maneno akayatunga papo hapo:

*Sajini kafunga geti, tumbo limebakia nje,*
*Fungueni jama geti, tumbo nalo liingie!*

Sasa, aliyekuwa ameshika ufunguo, amesimama mbele yetu na nishani kifuani, alikuwa Kiema, mjomba wa bibi harusi. Sajini mstaafu. Na tumbo analo.

Masharubu ya Kiema yakatetemeka. Nikaanza kuhesabu harusi hiyo kuwa imekwisha. Ndipo mwanamke mmoja ndani akaangua kicheko. Kumbe Kiema alikuwa amewaendesha kwa amri tangu asubuhi, kuanzia sufuria hadi viti! Wakaudaka wimbo wote kwa pamoja, wakaongeza beti za viatu vyake na kukoroma kwake. Kiema alijikaza, lakini miguu ikamsaliti, ikaanza kupiga gwaride. Akafungua geti upana wa bega moja.

Akatokea Susu Munyiva, nyanya yake bibi harusi, na fimbo yake.

"Nani amekufunza wimbo yetu?"

"Yenu, Susu?"

"Hiyo tuliimba nikiwa msichana. Wewe umeiba."

"Hata sisi kambini tuliimba hiyo," Kiema akadakia. "Na yetu ilikuwa tamu kuliko hii."

Niamini, hata mimi nilianza kuukumbuka.

"Faini ni leso kwa kila mama hapa ndani," Susu akasema. "Na useme uliiba."

Nzau akafungua mdomo. Naujua mdomo huo, huanza na "Kwa kweli." Nyuma ya Susu alisimama Kanyiva, bibi harusi mwenyewe, katika gauni lake jeupe, akimtikisia kichwa polepole. Mpwa wangu akaufumba. Wimbo wa kwanza kutunga maishani mwake, watu wanaufurahia mbele ya macho yake, na haruhusiwi kusema ni wake. Ulimuuma, niliona. Nilimhurumia kweli, ingawa nilikuwa nimeuma mtandio nisicheke.

"Niliiba, Susu," akasema. "Naomba msamaha."

"Kwa nani?"

Akaangalia viatu vyake. "Kwa wenyewe."

Susu akamwachia njia.

"Na umeiimba vibaya," akamwambia.