Safu Tatu za Upara

Kiwanja cha tatu kilikuwa na mita nne kwa nne. Kilizungushiwa vigingi vinne vilivyopakwa rangi nyeupe, na katika miaka mitano ya kazi ya kituo cha kurejesha nyasi bahari hakikuwahi kupandwa kitu. Viwanja vingine kumi na viwili vilikwisha kupandwa nyasi bahari, fungu baada ya fungu, mahali ambapo nyasi za asili zilikuwa zimekwisha kwa kukokotwa nyavu. Nyasi hizo zikishika, mizizi yake hufunga tope, maji hutulia na kutakata, na hewa ya ukaa iliyonaswa katika majani hubaki imezikwa chini badala ya kurudi angani. Lakini ili mtu aseme ni kiasi gani kimezikwa na nyasi, sharti awe na mahali pasipo nyasi pa kulinganishia. Palikuwa na viwanja viwili vya namna hiyo. Kimoja kilifukiwa na mchanga mwaka wa dhoruba. Kikabaki hiki. Kazi yake ilikuwa moja tu, kukaa kitupu, na wafanyakazi walikiita Upara.

Aliyeutunza Upara ni mpimaji wa kituo, mwanamke wa makamo aliyebandikwa jina la Rula kwa sababu hakuweza kupiga mstari kwa mkono mtupu hata katika orodha ya vitu vya sokoni. Mdogo wake, aliyekuwa fundi cherehani kabla ya kuja kituoni kupanda nyasi, aliitwa Sindano. Sindano alifariki kwa ugonjwa wa figo, na tangu mazishi, miezi miwili iliyopita, hakuna aliyekwenda kuutazama Upara. Ulikuwa mbali kuliko viwanja vyote, ukitokeza siku chache tu za bamvu, maji yanapokupwa hadi mwisho.

Siku Rula aliporudi huko, mkuu wa kituo alimtangulia, suruali imekunjwa hadi magotini, na akapiga ukelele kabla Rula hajafika.

"Njoo uone! Upara umeota nywele!"

Rula alifika, akasimama. Ndani ya vigingi vinne, majani mabichi yalikuwa yamelala juu ya tope linalometameta.

"Zimejiotea zenyewe!" mkuu alisema. "Unajua maana yake? Bahari imeanza kujitibu. Mkaguzi akifika wiki ijayo, tunamleta hapa kwanza."

"Mkuu, hatujahesabu."

"Hesabu, mama, hesabu. Wewe hata peponi utaanza kwa kuhesabu milango." Akacheka, akaenda zake kupiga picha viwanja vya jirani.

Rula alipiga magoti na kuweka chini fremu yake ya mabomba ya plastiki, ya kuhesabia. Alikuwa ameona jambo ambalo mkuu, kwa furaha yake, hakuliona. Nyasi zinazojiotea hutambaa ovyo, huingia kiwanjani kutoka upande mmoja kama mgeni asiyejua mlango. Hizi zilikuwa safu. Fungu na fungu, nafasi ya kiganja kimoja. Alipenyeza kidole topeni chini ya fungu la kwanza, akagusa kijiti cha mwanzi, kisha uzi. Akaufuta tope kwa kidole gumba. Kituo kilitumia uzi mweupe kufungia nyasi kwenye vijiti. Huu ulikuwa wa buluu, ule wa kushonea sare za shule, nao ulikuwa umezungushwa mara tatu chini ya fundo, kama afanyavyo fundi anapokiinua kifungo kisibanane na kitambaa.

Hapakuwa na mtu mwingine kituoni aliyefunga hivyo.

Alikumbuka. Miguu ya Sindano ilipoanza kuvimba, Rula alimpunguzia kazi, akampa ile nyepesi kuliko zote: kwenda Upara kila bamvu, kutazama, na kuandika alichokiona.

"Kazi ya kutazama tu," Rula alimwambia.

"Kutazama tu? Dada, hata wewe umekuwa daktari wangu? Naye ameniambia hivyohivyo. Hakuna cha kufanya, tunatazama tu." Kisha akageuka kuangalia kule kwenye vigingi. "Lakini nyie wapimaji mna roho ngumu. Hivyo vingine vyote mnavitibu. Hiki kimoja mnakitazama kinavyokwisha, na kalamu mkononi."

"Bila hiki, hatutajua kama hivyo vingine vimepona."

"Mwambie hivyo chenyewe, basi. Mimi sina uso huo."

Walicheka wote wawili. Rula alidhani ule ulikuwa mzaha kama mizaha yake yote.

Sasa alihesabu. Safu ya kwanza ilikuwa na mafungu kumi na matano, imenyooka kana kwamba ilipigwa kamba. Ya pili nayo kumi na matano, lakini ilianza kupinda katikati, na mafungu ya mwisho yalikuwa hayakukandamizwa vizuri. Safu ya tatu ilikuwa na manane. Katika la nane fundo halikukamilika; uzi ulitoka pale ukaingia topeni, na Rula alipouvuta taratibu, ikatoka rili ya plastiki, bado ina uzi wake.

Safari tatu, safu tatu. Siku ya safari ya tatu aliikumbuka vizuri kuliko alivyotaka. Sindano alirudi midomo imepauka, nguo zimelowa hadi kifuani.

"Saa nzima na nusu kutazama tope?" Rula alimkemea.

"Nilikuwa nakipa pole, dada."

Baada ya siku tisa alilazwa, na hakurudi nyumbani.

Ofisini, Rula alifungua daftari kubwa lenye jalada gumu. Maandishi ya mdogo wake yalikuwa mahali pake, katika safu ya kiwanja cha tatu. Bamvu ya kwanza: hakuna kitu. Bamvu ya pili: hakuna kitu. Bamvu ya tatu: hakuna kitu bado. Neno lile la mwisho lilikuwa limepigwa mstari mwekundu ulionyooka. Rula mwenyewe ndiye aliyeupiga, kwa rula, siku ileile, huku akimweleza mgonjwa kwamba kiwanja cha kulinganishia hakiandikiwi neno "bado", kwa kuwa hakingojewi chochote. Sindano alikuwa ameketi kwenye kiti cha pembeni akikausha miguu. Alisema tu, "Haya, mwalimu."

Rula alimkasirikia marehemu. Alikasirika kwa dhati: mara tatu amemdanganya, tena katika daftari lake, kwa kalamu yake. Baadaye hasira ilimwishia, akabaki anaitazama ile rili juu ya meza, ikiacha alama ya maji kwenye karatasi safi.

Karibu na kabati kilikuwa kimeegemezwa kibao kipya, rangi imekauka, chenye jina la Sindano na maneno Bustani ya Bahari. Kilikuwa kisimamishwe ufukweni siku kituo kitakapopewa na mkaguzi cheti cha hewa ya ukaa iliyozikwa. Na cheti chenyewe kilitegemea miaka mitano ya Upara. Angeweza kunyamaza, nyasi zihesabiwe kuwa zimejiotea, na kipimo kibaki halali. Angeweza pia kuyang'oa mafungu yote thelathini na manane kesho asubuhi, na maji ya bamvu mbili yangeziba matundu, mdogo wake angebaki na jina safi. Ila tope likishapandwa na kung'olewa si lile tope tena, na angekuwa ameandika "hakuna kitu" kwa mara ya nne.

Mkuu aliingia akipangusa kamera yake. "Enhe? Ngapi?"

"Thelathini na nane. Zilizoshika ishirini na sita. Hazikujiotea, mkuu. Zimepandwa."

"Na nani?"

"Na mdogo wangu. Ni uzi wake."

Mkuu aliitazama rili, akakitazama kibao, akaenda kufunga mlango. "Nani mwingine ameuona huo uzi?"

"Mimi."

"Basi."

"Basi nini?"

"Basi hujauona. Dada Rula, unamwandika marehemu? Ndugu yako wa tumbo moja?"

"Ndiyo maana naandika mimi. Asije akaandikwa na mtu mwingine."

"Miaka mitano!" Mkuu aliketi kwa kishindo. "Mitano, na ni yako kuliko yangu. Cheti hakuna. Na hicho kibao sitaweza kukisimamisha. Niwaambie nini wakubwa? Kwamba tumempa bustani mtu aliyetuvurugia kiwanja?"

"Najua."

"Unajua, halafu?"

Rula alikuwa amekwisha kuchukua kalamu. Katika daftari lile kosa halikufutwa kamwe. Lilipigwa mstari mmoja ili liendelee kusomeka, na mstari ukiwa ndio wenye kosa, viliwekwa vitone chini ya neno na kutiwa sahihi, kuonyesha kwamba neno lirudi mahali pake. Aliandika idadi, akaandika aina ya uzi, akaandika jina la mpandaji kwa ukamilifu. Halafu akarudi nyuma ukurasa mmoja, akaweka vitone vinne chini ya neno "bado", akatia sahihi.

Nyumbani mama yao alikuwa akipiga pasi gauni la kijivu. Alikuwa amelipiga pasi siku tatu zilizopita pia.

"Kibao kinasimamishwa lini, mwanangu? Nisije nikachelewa."

"Hakitasimamishwa, mama."

Pasi ilisimama. "Kafanya nini?"

"Alipanda pasipopandwa. Kile kiwanja changu kitupu. Alipanda kwa siri, anaumwa hivyohivyo."

Mama aliiweka pasi pembeni. "Tangu mtoto," alisema. "Ukimwambia usiguse, umemwonyesha pa kugusa." Akaanza kucheka, na kicheko kikamgeukia katikati, akalazimika kuketi kitandani na gauni mapajani, likikunjamana upya. Rula alichomoa pasi ukutani, akaketi karibu naye.

"Zimeshika?" mama aliuliza, akilinyoosha gauni kwa kiganja.

"Ishirini na sita."

"Kati ya ngapi?"

"Thelathini na nane."

"Si haba," mama alisema. "Kwa miguu ile."

Bamvu iliyofuata Rula alikwenda peke yake. Kiwanja cha tatu hakikuwa kiwanja tena. Mkaguzi alikuwa amesoma daftari, amekifuta katika hesabu, na kuagiza kitafutwe kingine, kianzie mwaka wa sifuri. Alivitikisa vigingi, akaving'oa kimoja kimoja. Bila vigingi palikuwa kama pengine popote. Baada ya miaka michache nyasi za viwanja vya jirani zingetambaa hadi hapa na kuchanganyika na hizi, na hata yeye asingeweza kusema zipi ni zipi. Hakuna ambaye angezipima.

Alipiga magoti kwenye safu ya tatu. Fungu la nane lilikuwa hai, limelala upande. Akatoa rili mfukoni, akaukaza uzi, akauzungusha chini ya fundo mara tatu. Mkasi hakuwa nao. Sindano alikuwa akikata uzi kwa meno, na kwa miaka yote Rula alimgombeza kwa tabia hiyo. Akainama hadi topeni, akaung'ata. Ulikuwa na chumvi.

Maji yalikuwa yameanza kurudi, membamba, yakipita katikati ya safu. Rula alivibeba vigingi vyake vinne begani, akaenda kutafuta mahali pengine patupu.