Folda Iliyoachwa Wazi

...na mstari wenyewe ulikuwa mmoja tu kwenye faili la mipangilio ya seva, mstari ambao kama Mokami angeufuta Jumatatu, tovuti ya nyumba hii ya kuwahifadhi wasichana isingemfungulia kila mpitaji folda ya ndani, picha, majina, kijiji alikotoka kila mtoto, sasa ameufuta, ameiwasha seva upya, ameijaribu kwa simu yake na imemkatalia, lakini kufunga leo hakumsahaulishi aliyekwisha kuchungulia... Mama Eunice, msimamizi wa nyumba, amesimama nyuma ya kiti chake, anasema baba wa Waisiko, mmoja wa wasichana wa hapa, amepiga simu asubuhi kutoka kijijini Genkuru, kwa upole kabisa, kwamba anajua binti yuko hapa Morotonga, anajua hata sweta la kijani, na atamfuata kabla msimu wa kukeketa haujaisha, nani kamwambia habari za sweta, anauliza Mama Eunice, na Mokami anatazama kumbukumbu za seva, kila afunguaye ukurasa huacha alama, Jumatano saa saba mchana simu moja imefungua picha ya Waisiko mara nne, mara nne, kama mtu anayewaita wenzake waje waone... aliharakisha, ndiyo, alikuwa anahamisha tovuti kutoka mashine ya zamani, umeme unakatika kila mara, akanakili mipangilio ya mtu mwingine bila kuisoma yote, nitaipitia kesho, na kesho yake wakampongeza kwamba tovuti inafunguka upesi, akasahau... picha ile aliipiga yeye, ukutani pale, mtoto wa miaka kumi na mitatu ndani ya sweta la kijani, miguu imechubuka kwa kutembea, akauliza, "Dada, hii ataiona nani?" naye akamjibu, "Mimi na Mama tu"...

"Ni Winfrida," anasema Mama Eunice. "Ana ndugu kule Genkuru. Aondoke leo hii."

...Winfrida, mpishi, aliyemkanda Waisiko miguu kwa maji ya chumvi wiki nzima, yuko jikoni sasa, anasonga ugali, hajui, na hakuna mwingine humu awezaye kusoma kumbukumbu hizi, zinafutika kwa amri moja, vidole vinaijua, Winfrida atapata kazi Mugumu, hoteli ziko nyingi... ila akifukuzwa watadhani tundu limezibwa, watamficha Waisiko peke yake, na wale kumi na mmoja waliokuwa kwenye folda hiyo hiyo watabaki hapa hapa wakisubiri kufuatwa, baba zao wana simu pia...

"Mokami, unanisikia?"

...anasikia, mkono umeteremka mapajani, atafukuzwa yeye, na afukuzwe, kumbukumbu zibaki polisi wazione, aseme tu, Mama, si Winfrida, ni mimi, gari liitwe sasa, waondoke wote kumi na wawili, anza na Mama, tamka Mama kwanza, na Mama Eunice bado amesimama nyuma ya kiti, bado anangoja jibu...