Mkebe wa Anvers

Gari lilikuwa la rangi ya maziwa, na Hippolyte alilizunguka mara mbili kabla hajathubutu kuligusa tena. Lilisimama chini ya paa refu la bati katika bandari ya Anvers huko Ubelgiji, mwezi wa nane mwaka 1958, likiwa limetembea kilomita kumi na nne tu: zile alizoliendesha mwenyewe asubuhi hiyo kutoka kwa muuzaji, viganja vikimtoka jasho, akimwomba Mungu tramu zisimsogelee. Miaka kumi na mmoja ya kazi ya usaidizi wa daktari huko Kasongo ilikuwa imeingia ndani ya gari lile. Serikali ilikuwa imempeleka Ubelgiji kwa miezi mitatu ya mafunzo, naye aliapa kwamba hatarudi mikono mitupu.

Chini ya kiti cha mbele kulikuwa na mkebe wa biskuti uliofungwa kwa kitambaa cheupe.

Mkebe huo alikabidhiwa na Atumani, mtu wa Nyangwe aliyekuwa baharia katika meli za Matadi na Anvers. Baharia mwenzake, Zéphirin wa Kabambare, alikufa kwa homa ya mapafu mwezi wa kwanza, akazikwa huko huko, katika udongo wa baridi. Kabla jeneza halijafungwa, Atumani alimkata kucha za mikono na za miguu, na nywele za utosini, kwa maana aliijua desturi ya ukoo wa rafiki yake. Kwao, aliyefia ugenini hurudishwa kwa kucha na nywele zake. Na mpaka hizo zizikwe nyumbani, matanga hayaanuliwi, wala mjane hatoki mkekani.

"Meli yangu inafika Matadi tu," Atumani alimwambia. "Kutoka Matadi mpaka kwetu iko safari ya mwezi muzima, na kapiteni hanipi hata siku tatu. Wewe unafika mpaka mulangoni kwao, munganga. Usimuache ndugu yetu peke yake. Kila pahali munapopita, umuambie: hapa ni fulani, sasa tunavuka."

Hippolyte alipokea mkebe kwa mikono miwili. Alikuwa amekaa dawati moja na Zéphirin miaka minne katika shule ya mapadri, na alimkumbuka akicheka na kalamu mdomoni. Siku ile hakuona ugumu wowote katika jambo aliloombwa.

Ugumu aliuona mbele ya karani wa bandari. Karani huyo, Mbelgiji mnene mwenye adabu, alikuja na karatasi zake kuandika kila kitu kilichomo garini: gurudumu la akiba, jeki, spana mbili, kitabu cha maelekezo. Alikuwa akimwita Hippolyte "monsieur", yaani bwana. Huko Kasongo hakuna mzungu aliyewahi kumwita hivyo, ijapokuwa mfukoni alikuwa na kadi ya serikali iliyothibitisha kwamba amestaarabika. Ili aipate kadi hiyo, mabwana watatu walikwenda nyumbani kwake, wakahesabu uma na visu, wakauliza kama mkewe hula naye mezani, wakafungua hata mlango wa choo.

Karani akainama, akachungulia chini ya kiti.

"Na hiki, monsieur, ni nini?"

Jibu la kweli lilikuwa fupi: ni kucha na nywele za rafiki yangu aliyekufa, nampeleka kwa mkewe. Hippolyte alikijua Kifaransa cha kulisema hilo vizuri sana. Lakini aliziona nyusi za yule karani zikipanda, akaliona lile neno "monsieur" likirudi lilikotoka, akajisikia akisema, kwa sauti nyepesi ya mtu asiye na shughuli:

"Takataka tu."

Karani, kwa hisani, akalisukuma pipa la taka kwa mguu mpaka karibu na mlango wa gari. Hippolyte ndiye aliyeutoa mkebe. Ndiye aliyeutia pipani. Uligonga chini, ukalia kama mkebe wowote. Karani akapiga muhuri.

Angeweza kurudi. Meli ilikuwa bado haijaanza kupakia, na kwa saa mbili nzima alitembea tembea pale bandarini. Mara moja alilipita pipa lile likiwa vile vile, na kona ya kitambaa cheupe ikionekana. Lakini watu wawili walikuwa wamesimama karibu wakivuta sigara, naye akaona haya kuinamia taka mbele yao. Alipopita mara ya pili, pipa lilikuwa limekwisha kumwagwa.

Basi gari likainuliwa kwa winchi, likaning'inia hewani na kushushwa tumboni mwa meli, na mwenyewe akalifuata kwa macho kama mama anayemwona mwanawe akichomwa sindano. Tangu siku hiyo alilitunza kwa bidii ambayo yeye mwenyewe aliiona si ya kawaida. Matadi alisimama juani mpaka likashuka. Katika treni ya Léopoldville alikwenda kulitazama kila stesheni. Juu ya meli ya mto, siku baada ya siku mpaka Stanleyville, alilifunika turubai na kulifunua, akalifuta umande, akakagua kamba. Pale penye maporomoko likapanda treni tena, kisha meli nyingine mpaka Kindu. Kila walipofika mahali alijikuta akitaja jina la mahali hapo kimoyomoyo, halafu akakumbuka kwamba hakuna wa kumwambia.

Alifika Kasongo mwishoni mwa mwezi wa kumi, mvua zikiwa zimeanza. Jirani yake Faradji, mfanyabiashara wa nguo ambaye babu zake walikuja na misafara ya zamani, aliliacha duka wazi akaja mbio na kofia mkononi.

"Ai, munganga! Mutu anatumwa kusoma, anarudi na nyumba iko na magurudumu!" Alipiga kofi juu ya boneti, akaruka nyuma kwa joto lake. "Inauma! Kumbe iko na wivu kama bibi mudogo. Sasa utatubeba siku ya Idi, ao utasema matako yetu iko na vumbi?"

"Nitawabeba, Bwana Faradji."

"Sema wallahi."

"Mimi ni Mkristo."

"Basi sema kwa Bikira Maria, itatosha." Faradji akacheka, kisha akakumbuka jambo, na uso wake ukabadilika. "Lakini kwanza iko ile kazi ya Kabambare. Gaston, ndugu ya marehemu, ametuma mutu mara tatu hapa dukani. Atumani aliwaandikia barua, ati wewe ndiye unamuleta. Ule mujane angali mukekani, munganga. Miezi tisa. Hashiki jembe, hashiki mukono ya mutu, anakula katika sahani yake peke yake. Na hawamuruhusu kwenda Lusangi, na mama yake kule ni mugonjwa."

Hippolyte akasema kwamba atakwenda kesho.

Asubuhi ya kesho yake, mkewe alipokwenda misani, alifunga mlango wa chumba. Alikata kucha zake zote ishirini. Kwa mkasi wa kazini alikata nywele za nyuma ya kichwa, mahali pasipoonekana. Akachukua mkebe wa biskuti uliokuwa ukitiwa sukari, akausafisha, akatia humo vitu vyake na kuufunga kwa kitambaa kipya. Alifanya yote hayo kwa utaratibu wa mtu anayefunga kidonda, na alijiambia kwamba kidonda ndicho anachokifunga: familia itatulia, mjane atatoka, na mambo ya kucha ni mambo ya kucha. Mikono yake haikukubaliana naye. Fundo la kitambaa alilifungua na kulifunga mara nne.

Kabambare walimpokea barabarani. Gaston, mtu mrefu mwenye ndevu za matanga, hakulitazama gari hata kidogo. Alipokea mkebe akiwa amepiga magoti, na wanawake wakaanza kulia kilio kilichokuwa kimengojea tangu mwezi wa kwanza.

"Umemufikisha," Gaston alisema. "Sisi hatuna kitu cha kukupa kinachotosha. Sasa kaa, umusimulie bibi yake njia."

"Njia?"

"Atumani hakukuambia? Mwenye kumuleta mutu anasimulia njia yote, toka pale alipokufa mpaka hapa. Mito aliyovuka, pahali alipolala. Bibi ndiye anasikia kwa ajili ya marehemu. Usiruke pahali hata pamoja. Ukiruka, atabaki pale."

Ukoo wote ulikaa chini ya ukumbi wa nyumba, mbali kidogo, kwa maana maneno hayo yalikuwa ya mjane peke yake. Vijana walikuwa wakichimba shimo dogo nyuma ya jiko. Mjane, Emilienne, aliketi mkekani katikati ya ua, nywele zake zimejisokota kwa miezi tisa ya kutochanwa, mkebe juu ya mapaja, mikono yote miwili juu ya mkebe. Hippolyte aliketi mbele yake.

Akaanza. Alitaja hospitali, kaburi, mawe meusi ya barabara za Anvers, mvua nyembamba isiyokwisha. Alitaja mto wa huko na bandari yake. Kisha akafika chini ya lile paa la bati, na ulimi wake ukasimama.

"Endelea, shemeji," Emilienne alisema kwa upole.

"Hakuvuka."

"Namna gani?"

"Hakuvuka, mama. Pale pale bandarini nilimwacha." Alisema polepole, macho yake yakiwa juu ya mkeka. "Karani aliniuliza ni nini, nikaona haya. Nikasema ni takataka. Nikamtupa kwa mkono wangu."

Mvua ndogo ilianza kunyesha, kisha ikaacha. Emilienne akautazama mkebe.

"Na hapa ndani iko nini?"

"Ni zangu."

Mikono ya mjane ikaruka kutoka juu ya mkebe kama iliyoungua. Kule ukumbini mtu alikohoa, na Gaston akanyoosha shingo kutazama. Emilienne akawaona. Akairudisha mikono mahali pake, kidole kimoja kimoja.

"Nitawaambia," Hippolyte alisema. "Nitasimama sasa hivi niwaambie wote."

"Ukae."

"Mama, siwezi..."

"Ukae, nimesema! Wewe utasema, roho yako itapumua, utapanda motokari yako, utakwenda. Na mimi? Watatuma mutu Ulaya kutafuta pipa? Nitakaa hapa mpaka lini? Mupunga umekwisha kupandwa bila mimi. Mama yangu anakufa Lusangi bila mimi." Midomo yake ilitikisika kidogo tu, kwa mbali ungedhani anamwitikia msimulizi. "Ulimuacha bwana yangu kule. Mimi usiniache hapa. Endelea na njia."

"Lakini ni njia ya nani?"

"Endelea. Wanatazama."

Hippolyte akaendelea. Alitaja winchi na tumbo la meli, na bahari ambayo rangi yake hubadilika siku ya tano. Alitaja Matadi na jua lake, treni, stesheni kwa majina yake, meli ya mto na kamba zilizokaguliwa asubuhi na jioni, umande uliofutwa kwa kitambaa kikavu. Hakuruka mahali hata pamoja. Kila neno lilikuwa la kweli, na kila neno lilikuwa habari za gari. Emilienne aliitikia kila mahali kama ilivyotakiwa, "Amefika, amevuka," na msimulizi alipofika Kindu machozi yalikuwa yakimtiririka mjane, na wanawake wa ukumbini walipoyaona wakalia pamoja naye.

Mkebe ukazikwa. Gaston alimtaka Hippolyte, kwa heshima, atupe konzi ya kwanza ya udongo. Akainama juu ya shimo lenye kucha zake mwenyewe, akatupa. Gaston akamkumbatia, akamwita ndugu, akasema kwamba tangu leo mlango huu ni wake. Hakuna tusi alilowahi kutukanwa maishani lililomlemea kama neno lile.

Mchana ule ule Emilienne alinyolewa mtoni, akavikwa kitenge kipya. Wazee walisema munganga ampeleke Lusangi kwa gari, iwe heshima ya mwisho ya rafiki. Na kukataa hakukuwezekana, kwake wala kwa mjane. Emilienne aliketi kiti cha nyuma, kikapu mapajani, bila kukiegemea kiti. Kwa saa nzima kulikuwa na ngurumo ya injini na matope tu.

"Lile pipa," alisema ghafla, "wanalimwaga wapi?"

"Sijui."

"Hukuuliza?"

"Sikuuliza."

Walipoona mashamba ya kwanza ya Lusangi, wanawake wakiwa wameinamia mihogo kandokando ya barabara, Emilienne aligonga kioo kwa kidole.

"Unishushe hapa."

"Bado mbali, mama. Na matope haya..."

"Hapa. Sitaki mama yangu anione natoka ndani ya kitu hiki."

Hippolyte akasimamisha. Akashuka haraka kumfungulia, lakini alikuwa amekwisha kujifungulia mwenyewe. Aliweka kikapu juu ya kichwa kilichonyolewa, akavua viatu, akavishika mkononi, akaenda. Wanawake wa shambani walimtambua. Mmoja akapiga kelele za furaha, akatupa jembe na kumkimbilia. Kisha wakaliona gari, na mwingine, bila kujua, akampungia Hippolyte mkono wa shukrani.

Naye akaupunga wake, kwa kuwa hakuona njia nyingine.