Kiti cha Shukrani

Chama cha pale kijijini kilikuwa na mambo mawili tu, maongezi na matembezi. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi wanachama walijibana kwenye ukumbi mdogo nyuma ya zahanati, mtu mmoja akasimama kueleza jambo analolijua, wengine wakasikiliza au wakasinzia kwa heshima. Jumamosi ya tatu walipanda basi kwenda kutazama kazi za watu wengine. Walishakwenda kwenye mitambo ya maji na kiwanda cha sabuni. Walishakwenda hata kwenye gereza la zamani, ambako fundi bomba alijifungia chumbani kwa utundu wake na hakuna aliyefanya haraka kumtoa.

Bi Vikombe hakwenda matembezi. Alikuwa mshonaji wa sare za shule, mjane, na jina hilo alilipata kwa sababu vikombe vya chama vilikaa kwake, na ole wake aliyerudisha kimoja bila kukisuuza. Kwenye maongezi alikuwepo siku zote, pale nyuma kwenye meza ya chai, lakini basi hakulipanda tena tangu mwanawe afe.

Mwanawe wa pekee alikuwa akifanya kazi kiwanda cha matofali, kile kilichopo kando ya barabara kuu. Siku aliyokufa, mama yake alikuwa matembezini. Walikwenda bustani ya maua, wakala karanga, wakacheka kutwa nzima. Wakati wa kurudi, basi lilipokuwa likipita mbele ya kiwanda, king'ora cha kubadilishana zamu kikalia. Bi Vikombe akasema, "Mwanangu huyo ananisalimia." Dereva, ambaye hana dogo, akajibu, "Basi tumwitikie," akabonyeza honi. Ilikuwa honi mbovu, yenye sauti ya mtu mwenye mafua, na kijiji kizima kiliijua. Basi zima likaangua kicheko. Bi Vikombe alicheka mpaka karanga zikamwagika mapajani.

Alipofika nyumbani akakuta watu wawili wa kiwandani wamekaa barazani, kofia mikononi. Wakamwambia rundo la matofali mabichi limemwangukia kijana asubuhi, wakati wa kupanga, na kwamba alikufa papo hapo. Hakuumia, mama. Hakusema neno.

Papo hapo. Maneno hayo aliyameza lakini hayakushuka. Kwamba mwanawe amelala maiti tangu asubuhi, naye anacheka na kupigiwa honi getini, hilo lilimla miaka yote. Wala hakuonyeshwa mahali penyewe. Alipewa jeneza, akapewa pole na shuka mbili mpya, basi. Alichotaka ni kitu kimoja tu, kusimama pale mwanawe alipoangukia na kumsikia mtu aliyekuwepo akisema yalivyokuwa. Alikwenda getini mara mbili. Mara zote mlinzi alimwambia wageni hawaruhusiwi, naye akarudi.

Sasa ikawa Jumamosi moja, fundi viatu amemaliza maongezi yake marefu kuhusu ubaya wa kununua viatu vya kubana kwa tamaa ya urembo, na Katibu akasimama kutangaza matembezi ya mwezi. Katibu alikuwa msichana mchangamfu, ameolewa pale kijijini juzijuzi tu, na mambo ya zamani hakuyajua.

"Nimehangaika sana, lakini wamekubali," akasema akitabasamu. "Tunakwenda kiwanda cha matofali!"

Mwenyekiti, karani mstaafu wa posta, akaanza kusafisha miwani ambayo haikuwa na uchafu. Watu wakatazama sakafu, halafu mmoja mmoja wakageuza shingo kuelekea meza ya chai. Katibu akaona, asielewe, tabasamu likamkauka.

"Mnanitazama nini?" akasema Bi Vikombe. "Chai imeisha."

Lakini kichwa chake kilikuwa kinakwenda mbio. Chama kile kilikuwa na sheria ya viti. Zamani, kila ilipofika saa ya kutoa neno la shukrani kwa mwenyeji, kila mtu alikuwa na kikohozi, kwa hiyo wakakata shauri kwamba zamu si ya mtu, ni ya kiti. Viti vilipangwa mstari, zamu ikasogea kiti hadi kiti, na aliyekutwa amekalia kiti hicho Mwenyekiti anapogonga kengele ya kufunga maongezi, ndiye atakayeshukuru matembezini. Hakuna kukataa, na hakuna wa kumkatiza anayeshukuru mpaka amalize. Siku ile kilichofuata kilikuwa kiti cha seremala, na seremala alikuwa ameinuka kutafuta kikombe cha pili.

Bi Vikombe akatoka nyuma ya meza, akapita katikati ya watu, akakaa.

"Dada, hapo ni pangu," akasema seremala.

"Palikuwa pako. Gonga kengele, Mwenyekiti."

Mwenyekiti akamtazama. "Bi Vikombe, una hakika?"

"Shemeji, gonga."

Akagonga.

Wiki mbili zile kijiji kizima kilinong'ona. Katibu, alipokwisha kuelezwa, alikuja mbio na machozi tele, akamkuta Bi Vikombe kwenye cherehani. "Mama, naomba nifute safari. Sikujua, haki ya Mungu sikujua."

"Ungejua usingepanga," akajibu Bi Vikombe, "na mimi ningekufa sijapaona. Nishikie hicho kitambaa, kisiguse chini."

Siku ikafika. Alivaa gauni lake la bluu, akajikaza kisabuni, akapanda basi akiwa wa kwanza. Dereva alikuwa yuleyule, mvi zimemjaa. Akamwamkia kwa sauti ndogo, "Shikamoo mama," na njia nzima hakufanya mzaha hata mmoja.

Kiwandani walipokewa na Meneja kijana, mgeni wa pale, mwenye viatu visivyojua vumbi. Aliwaonyesha udongo unavyochanganywa, mashine inavyoukata vipande, tanuri linavyokula kuni. Nyuma yake alifuata Msimamizi, mzee mrefu aliyekauka, amefanya kazi hapo tangu ujanani. Bi Vikombe alimtazama tu. Mzee yule alikuwa akimtazama pia, kisha anaangalia pembeni.

Walizungushwa kote, ila banda moja. Lilikuwa kando ya ua, karibu na barabara, refu, lenye bati jekundu kwa kutu. Ndimo matofali mabichi yalimokauka kabla ya kuchomwa. Walipolikaribia, Msimamizi akamnong'oneza Meneja, na msafara ukapinda kushoto kwenda kunywa soda.

Soda zilipoisha, Mwenyekiti akasafisha koo. "Sasa neno la shukrani," akasema.

Bi Vikombe akasimama. Alikuwa ameandaa maneno mengi usiku kucha, makali mengine. Yote yakamtoka kichwani.

"Nashukuru," akasema. "Mmetupokea vizuri. Udongo tumeuona, mashine tumeiona, moto tumeuona. Bado hamjatuonyesha banda lile pale." Akanyoosha kidole. "Mwanangu alifia humo. Nilimzaa mmoja. Naomba mnionyeshe alipolala, nimalize kushukuru."

Meneja hakuwa akijua lolote, maskini. Akamgeukia Msimamizi, na Msimamizi alikuwa ameshavua kofia.

"Twende, mama," akasema mzee.

Waliingia wawili tu. Ndani kulikuwa na ubaridi na harufu ya udongo mbichi. Matofali yalipangwa ngazi juu ya ngazi, mpaka dirishani. Msimamizi akasimama karibu na ukuta wa upande wa barabara, akaonyesha sakafu. Palikuwa mahali kama pengine popote, pana unga wa udongo na nyayo za watu. Bi Vikombe akapiga magoti, akaweka kiganja chini.

"Hapa?"

"Hapo hapo, mama."

"Alikufa papo hapo, mlisema."

Mzee akaigeuza kofia mikononi. Magari mawili yakapita barabarani, na sauti zao zikaingia dirishani kana kwamba yanapita ndani.

"Nakuuliza wewe, uliyekuwepo."

"Hakufa papo hapo," akasema Msimamizi. "Rundo lilianguka mchana, tumetoka kula. Tulimtoa, lakini miguu na kiuno..." Akashindwa, akaanza upya. "Gari la wagonjwa liliitwa. Halikuja. Tuliambiwa tusimsogeze, tukangoja. Nilimpakata kichwa hapa, mapajani. Meneja wa wakati huo ndiye aliyesema tuseme ilikuwa asubuhi na papo hapo, isije ikaulizwa kwa nini gari halikuja. Nami nikanyamaza. Nilikuwa na watoto wanaosoma, mama. Nikanyamaza."

"Alisema nini?"

"Alizungumza kidogo kidogo. Tukamuuliza tumwite nani. Akasema, 'Mama leo yuko matembezini, msimharibie siku.' Halafu king'ora kikalia. Kikaisha, na hapo barabarani ikapigwa honi. Honi mbaya hivi, ya kukwaruza. Akafungua macho. Akasema, 'Huyo mama anapita.'"

Bi Vikombe akainua uso. Hakuwa analia bado.

"Nikasema nikimbie getini nilisimamishe hilo basi. Akanishika mkono. Alikuwa na nguvu bado, huwezi kuamini. Akasema, 'Mwache afike nyumbani.' Nikamsikiliza. Basi halijafika kona, akawa amekwenda."

"Ungekimbia," akasema Bi Vikombe.

"Ningekimbia."

"Ungekimbia, wewe! Mkono wa mtoto tu ndio ulikuzuia? Nilikuwa hapo nje! Nilikuwa hapo nje nacheka!"

Akampiga mzee yule kifuani, kwa ngumi ndogo za mshonaji, tena na tena, naye akasimama tu akapigwa. Kisha nguvu zikamwishia, na kilio alichokifungia miaka yote kikamtoka kwa sauti, mpaka wanachama waliokuwa nje wakashikana mikono. Katibu alitaka kukimbilia ndani. Mwenyekiti akamzuia. "Hajamaliza neno lake," akasema.

Alipotoka, kiganja chake kilikuwa chekundu kwa udongo, wala hakukifuta. Akamwambia Meneja ahsante, kwa adabu. Akampita Msimamizi bila kumtazama. Alifika mlangoni mwa basi, akasimama, akarudi hatua chache, akaichukua kofia ya mzee mkononi mwake, akamvisha. Kisha akapanda.

Basi likatoka getini polepole, likaingia barabara kuu, banda lile likaja upande wa dirisha lake.

"Simama," akasema.

Dereva akasimama. Bi Vikombe akaenda mbele akishika viti, akawaeleza wote, kwa maneno machache, kwamba siku ile mwanawe aliisikia honi, na alichosema. Fundi viatu akajifunika uso. Dereva akaliweka paji lake la uso kwenye usukani na mabega yakawa yanamcheza.

"Mama, nisamehe. Nilikuwa natania tu."

"Ndiyo sauti ya mwisho niliyompa," akasema Bi Vikombe. "Asingeisikia angekwenda bila kujua kama nimepita. Nyanyuka, baba. Piga."

"Siwezi."

Basi akainama yeye mwenyewe juu ya bega la dereva, akaweka kiganja chake chenye udongo juu ya honi, akabonyeza. Ilikuwa mbovu vilevile. Akabonyeza kwa muda mrefu, huku analitazama dirisha la banda, na alipoachia akangoja kidogo, kama mtu aliyebisha hodi. Kisha akamwambia dereva waende nyumbani.