Uzi wa Kufika Chini

Theopista hakuanza kusokota pamba kwa kukosa uzi. Madukani Runzewe nyuzi zimejaa, za kila rangi. Alianza kwa sababu baada ya mumewe kufariki jioni zilikuwa ndefu mno na mikono yake haikuwa na kazi. Akachukua spoki ya baiskeli ya marehemu, akaichomeka katikati ya kipande cha kandambili alichokikata mviringo, basi akapata chombo cha kusokotea. Pamba ilitoka shambani kwake. Alikaa barazani akaizungusha spoki, uzi ukarefuka kidogo kidogo, na kwa mara ya kwanza tangu msiba akajikuta anaimba.

Mambo yangeishia hapo, angebaki mjane na burudani yake. Lakini hao wachimbaji wa dhahabu hujawajua. Mtu anayeshuka chini ya ardhi kutafuta riziki huona dawa hata kwenye ganda la muhogo. Jirani yake Vumilia aliomba kipande cha uzi cha kufungia mfuko wa unga. Mume wa Vumilia, mchimbaji, akajifunga uzi ule mkononi kwa utani tu, na wiki hiyohiyo akapata mawe mazuri yenye dhahabu. Habari ikaenea. Watu wakaanza kupiga hodi kwa Theopista, wengine na kuku kwapani. Aliwaeleza kuwa ni pamba tu, haina lolote. Wakatikisa vichwa kwa heshima, kwa kuwa wanajua mganga wa kweli hajitangazi. Kuku aliwarudisha, uzi akawapa, maana alikuwa nao mwingi na roho yake ilifurahi kuona kazi ya mikono yake inatembea mjini. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake, na alilijua siku mwanawe alipomjia.

Otmar alikuwa mtoto wake wa pekee. Alimwamkia mama yake, akaitikiwa, kisha akaeleza kwamba yeye na mwenzake Boaz wameruhusiwa kufungua duara la zamani. Duara ndiyo shimo la wachimbaji, na hilo lilikuwa limefunikwa kwa mbao tangu kabla ya masika. Theopista aliuliza kama kuna mtu aliyelichungulia baada ya mvua. Otmar akasema kule ni mwamba mtupu, maji hayakai. Halafu akanyoosha mkono.

"Nifunge na mimi, mayu. Nikiwa nao sitaogopa kitu."

Theopista alichukua uzi akaukata kwa vidole mbele ya macho ya mwanawe, aone ulivyo dhaifu. Otmar akatabasamu, akasema huo wa kukatika ni wa wageni, yeye anataka ule wenyewe. Hapo hasira zikampanda mama wa watu. Akimkatalia, ataomba kwa Vumilia. Akimpa, atashuka kifua mbele. Akaitazama spoki mapajani mwake, akamtupia.

"Uliosokotwa na mwingine haukufai," alisema. "Sokota wako mwenyewe. Siku uzi huo utakapokuwa mrefu wa kufika chini ya duara, shuka nao."

Ilikuwa mara yake ya kwanza na ya mwisho kusema kama mganga, na aliona aibu.

Otmar alidhani ni kazi ya jioni moja. Mikono iliyozoea sururu ikavuta pamba kwa nguvu, uzi ukakatika, akaunga, ukakatika tena. Boaz alikuja kumhimiza akakuta hali ndiyo hiyo. Akanuna, akazunguka uani, mwishowe akakaa naye akawa anatoa mbegu kwenye pamba. Siku zikapita hivyo. Pole pole mikono ya Otmar ikalainika, na jioni moja Theopista akiwa jikoni alimsikia anaimba wimbo uleule aliokuwa akiuimba yeye. Alifurahi, na papo hapo akaogopa, kwa sababu kila uzi uliporefuka siku ya kushuka ilisogea. Alitamani kuuchoma moto. Hakuweza.

Siku ilipofika vijana waliondoka asubuhi na donge la uzi. Theopista alibaki barazani akisali rozari, na kila pikipiki iliyopita barabarani ilimkatiza sala.

Kabla ya adhuhuri walirudi. Nguo zao zilikuwa safi. Otmar akaweka donge mapajani mwa mama yake, nalo likamlowesha kanga. Ikabidi Boaz ndiye aeleze. Duara limepinda kidogo, mwanga wa tochi haufiki chini, kwa hiyo walifunga kijiwe kwenye ncha ya uzi wakaushusha wapime kama kweli unafika. Ulifika. Walipouvuta, zaidi ya nusu ulikuwa umelowa tope. Maji yamejaa, na kuta zimelainika kiasi kwamba mbao zilipoondolewa tu, udongo ulianza kumeguka.

"Bila kusokota, tungekuwa tumeshuka siku ile ile niliyokuomba uzi," Otmar alisema.

Mpaka jioni Vumilia alikuwa ameshatangaza mji mzima kwamba dawa ya Mama Otmar imemwokoa mwanawe. Theopista hakubisha, alichoka. Alikuwa uani na Otmar wakiuanika uzi, kutoka nguzo ya baraza hadi kwenye mpapai na kurudi, mizunguko mingi. Alipofika mahali ambapo weupe uliishia na tope likaanza, alisimama. Akaufuata kwa macho uzi mchafu wote uliobaki mikononi mwa mwanawe, hadi kwenye kile kijiwe. Kisha akalia, na Otmar akaushikilia uzi usiguse chini mpaka mama yake alipomaliza.