Fundi na Kibamba cha Moto

Fundi cherehani alikuwa na dharau ya kugawa na ikabaki. Mwaka uliopita ugonjwa wa mkanda wa jeshi ulimpitia ubavuni. Vipele vikapona, ngozi ikabaki inawaka. Hata gauni alilojishonea mwenyewe lilimuunguza kama limeshonwa kwa upupu. Ndiyo maana alikwenda kliniki, walikokuwa wakijaribu kama sindano ya homoni hupunguza maumivu ya ngozi. Ambao ingeonekana imewafaa, wangeendelea kuchomwa.

Ubaya ni kwamba wifi yake, mwenye maumivu kama hayo, naye alikuja.

Daktari, kijana mwenye koti lililokosa vifungo viwili (fundi aliona koti kabla ya kumwona mwenyewe), aliwaeleza kwamba kwanza kila mmoja atawekewa mkononi kibamba cha chuma, kipashwe moto polepole, na akianza tu kuumia aseme. Wifi akatangulia. Kibamba hakijafika hata joto la maji ya kumwogeshea mtoto, akasema inauma.

"Wewe wale watoto uliwazaa au uliwaokota?" fundi akamuuliza.

Zamu yake ilipofika, wifi kakaa kando yake, fundi alitazama dari. Jasho likamtoka puani, neno halikutoka. Mashine ya kukipasha kibamba ikafika mwisho wake ikajizima yenyewe.

"Mama, hukusikia chochote?"

"Nilisikia unavyohema."

Wakachomwa sindano. Baada ya siku chache fundi akawa analalia ubavu uleule, gauni limetulia. Waliporudi kupimwa, wifi alivumilia moto kuliko mwanzo. Fundi akafika mwisho, kama mwanzo.

Daktari akasema wifi ataendelea. "Lakini wewe mama, ulifika mwisho kabla ya sindano, umefika mwisho baada yake. Hatuna pa kuona kama imekusaidia."

Fundi angeweza kusema ukweli palepale. Lakini wifi alikuwa anasikiliza. Basi fundi akasema dawa yenyewe ni maji matupu, akatoka kifua mbele.

Moto wa ubavuni ukarudi. Alitukana gauni, akamtukana daktari, mwisho akaenda kwa wifi, kitambaa kakishika mbali na ubavu kwa vidole viwili.

"Wifi, ile siku ya kwanza iliniuma."

Wifi hakucheka, na hilo lilimkera zaidi. "Najua. Ulinikanyaga mguu muda wote. Twende ukamwambie."

"Mwambie wewe."

"Kwani mimi ndiye niliyenyamaza?"

Fundi akachukua uzi na vifungo viwili. Kama ni lazima amwombe mtoto yule, basi angalau awe amevaa kama daktari.