Kimya cha Yttersand

Kiganja chake kilinuka samaki na kahawa, na kilikuwa kimenibana mdomo mpaka meno yakanichoma kwa ndani. Mbele yetu hapakuwa na kitu ila ukungu, mweupe, mzito kama sufi iliyoloa. Na mahali fulani ndani ya ukungu ule, juu ya maji, mwanamume niliyekuwa nimekubali kuolewa naye alikuwa akiniita.

"Toruuunn!"

Nilijaribu kuung'oa mkono ule. Petrine alikuwa mwanamke wa miaka sitini, mfupa wa mguu umevunjika, midomo imekuwa ya buluu kwa baridi. Lakini mikono yake ilikuwa imepasua samaki tangu utotoni, na sikuuweza.

"Nyamaza," aliniambia sikioni. "Nyamaza, mwanangu. Akikusikia atakuja."

Alikuwa hajawahi kuniita mwanangu kabla ya hapo.

Oddvar, mchumba wangu, nilimpata mjini Trondheim. Mashua yake ilikuwa imepelekwa kutengenezwa injini, nami nilikuwa nauza mikate kwenye duka lililo karibu na gati. Alinunua mkate asubuhi, akarudi mchana kununua mwingine, na jioni mwingine tena, mpaka mwenye duka akamwuliza kama anafuga bata. Mimi ni mtoto wa bondeni. Kwetu ni msitu na mto, na bahari niliiona ukubwani. Alinisimulia habari zote za Nesvika, kijiji chao cha uvuvi: mchanga wake, njia zake za milimani, nyumba nyekundu zilizosimama juu ya nguzo kama watu waliopandisha suruali wasilowe. "Utapapenda," aliniambia. Habari za mama yake hakunieleza.

Nilifika mwanzoni mwa wiki, mwezi wa nane, wakati chanja za kukaushia samaki zinasimama tupu na kijiji kimetulia hata unasikia mtu akikohoa upande wa pili wa bandari. Mama yake, Petrine, alinitengea samaki wa kuchemsha na maini yake, akakaa mkabala nami, akawa ananitazama nikihangaika na miiba.

"Kwenu bondeni mnakula nini?" akauliza. "Majani?"

"Viazi, mama. Na nguruwe."

"Ndiyo maana umenona."

Oddvar akacheka. Mimi sikujua nicheke au nilie. Juu ya redio palikuwa na picha ya Anton, baba yake, aliyekufa maji Oddvar akiwa bado mtoto, na nilipoitazama wote wawili waliinamia sahani zao. Nikajua ni suala la muda tu. Mwana ni mmoja, mume hayupo, na huyu hapa msichana mgeni amekuja kumnyang'anya kilichobaki. Siku yoyote mama huyu angeniambia nirudi nilikotoka.

Siku hiyo, nilidhani, ilikuwa ile ya ndoo. Oddvar alikuwa ametoka alfajiri kwenda kuvua. Petrine aliweka ndoo mbili mezani, akasema matunda ya kinamasi yameiva upande wa pili wa mlima, kule Yttersand, na kwamba tungekwenda sisi wawili. Kisha akatazama miguu yangu.

"Hivyo viatu ni vya kuendea kanisani. Vaa mabuti ya Oddvar."

Tulipopita gatini tulimkuta Hilbert, jirani yao, ameketi akishona wavu.

"Petrine! Mtoto wa watu unampeleka wapi? Unakwenda kumtupa?"

"Nikimtupa utasikia kishindo," akajibu, wala hakupunguza mwendo.

Alipanda ile njia kama mbuzi, mikono ameikunja nyuma, kichwa ameinamisha. Mimi nilimfuata nikihema, mabuti yakinipwaya, kondoo wakitutazama kutoka kwenye majabali kwa dharau. Alisimama mara moja tu, kileleni, mahali ambapo mlima unagawanyika, upepo wa bahari kuu unakupiga kifuani. Chini yetu ulilala ufuko wa Yttersand, mchanga mweupe usio na unyayo hata mmoja. Hakuna nyumba pale, hakuna gati. Mbele ya mchanga, maji yalikuwa yakivimba na kushuka taratibu, na kila yaliposhuka meno meusi ya mwamba yalijitokeza, kisha yakafunikwa. Wavuvi wa Nesvika wanaiita ile miamba Majirani.

Tulianza kuchuma. Lile tunda ni la rangi ya machungwa, moja kwa kila shina, laini hata ukilishika vibaya linakufa mkononi. Ndoo yake ilikuwa imefika nusu aliponiuliza, bila kuinua uso:

"Unampenda?"

"Nampenda."

Nikajikaza, nikingoja neno litakalonirudisha Trondheim.

"Basi mwondoe hapa," akasema. "Mpeleke Trondheim. Mpeleke bondeni kwenu akakate miti. Mpeleke popote pasipo na maji ya chumvi."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Hatakubali, mama. Anasema akikaa nchi kavu ataoza."

"Sikukuuliza anataka nini. Nimekwambia ninachotaka mimi. Na usithubutu kumwambia kuwa nimesema." Alinyooka, akaelekeza kidole chenye maji ya matunda kule baharini. "Anton alifia pale. Si mbali, unaona? Kondoo wanne wa Hilbert walikuwa wamekwama huku ufukoni, akaja kuwachukua kwa mashua. Siku nzuri, jua linawaka, hakuna upepo. Ni lile wimbi la chini chini tu, refu, kama la leo. Miamba unaiona pale inapokuwa imeshakuchukua."

Nikamwuliza kondoo waliishia wapi.

"Walirudi nyumbani kwa miguu yao," akasema.

Ukungu ulikuja wakati ule ule. Ulipanda kutoka baharini bila kubisha hodi. Ulimeza Majirani, ukameza mchanga, ukafika kwetu, na ghafla ndoo yangu mwenyewe nikawa siioni chini. Petrine hakubabaika. Alisema tushuke hadi kwenye mawe ya ufukoni, tutafute mdomo wa kijito, kwa kuwa njia ya kupanda inafuatana na kijito na mtu anaweza kuipanda kwa masikio. Alitangulia. Mawe yale yalikuwa ya mviringo, yameota utelezi wa kijani. Nilisikia mfupa ukivunjika kabla sijamsikia yeye.

Nilimburuta mpaka nyuma ya jabali, nikamvika sweta langu. Mguu ulikuwa umegeukia upande ambao mguu haugeukii.

"Nenda kaite watu," akasema kwa meno yaliyofungwa.

"Nitapotea, mama. Na nikikuacha hapa nitakuja kukukuta umekuwa barafu."

"Basi tungoje. Ukungu utainuka."

Haukuinuka. Tulingoja mpaka akaacha kutetemeka, na mimi niliyekulia kwenye theluji najua maana ya mtu aliyepigwa na baridi kuacha kutetemeka: kifo ki karibu. Nikamsugua mikono, nikamsemesha, nikamwuliza upuuzi wowote ulionijia: Oddvar alikuwa mtoto wa namna gani, alianza kutembea lini. Alikuwa amefumba macho. Halafu akayafumbua.

"Sikiliza."

Dunk-dunk-dunk-dunk. Injini ya silinda moja. Hata mimi mgeni nilikuwa nimeshaijua sauti ile. Baadaye nilielezwa kwamba Oddvar alirudi akakuta nyumba tupu, Hilbert akamwambia tulikoelekea, naye akageuza mashua pale pale bila hata kuifunga, maana kwa baharini ni karibu kuliko kwa mlimani.

Niliruka juu kwa furaha. Nilikuwa nimeshajaza kifua hewa Petrine alipodaka msuko wa nywele zangu, akanivuta chini, akaniziba mdomo.

"Akikusikia atakuja," akanong'ona, "na akija atapita pale pale. Baba yake alikufa kwa ajili ya kondoo. Huyu hatakufa kwa ajili ya mguu wangu."

"Torunn! Mama!"

Ilikuwa sauti iliyokwisha kuvunjika. Ninyi mliowahi kuitwa na mtu mnayempenda, naye yuko karibu, nanyi hamumwitikii, mtanielewa. Kila kiungo changu kilikuwa kinamwitikia. Niliona kwamba mama yake anakufa mbele yangu. Niliona kwamba msaada uko umbali wa kelele moja. Na nilimchukia, Mungu anisamehe, nilimchukia kwa kuwa na nguvu kiasi kile.

Ndipo injini ikazimwa.

Alikuwa ameizima ili asikilize. Hatukuambiana, lakini tulielewa sote wawili kwa pamoja, na nilihisi mwili wa Petrine ukiwa mgumu kama gogo. Mashua isiyo na injini, kwenye wimbi lile, hailali pale ilipo. Wimbi linaibeba kuelekea nchi kavu. Tulisikia maji yakivuta pumzi kwenye miamba, yakaiachia, yakavuta tena. Tulisikia kasia likigonga ubao. Alikuwa karibu hata nikamsikia akikohoa.

Kisha tukasikia akijaribu kuwasha. Injini ikapiga mara moja, ikafa. Akajaribu tena. Ikafa.

Mkono ukateremka kutoka mdomoni mwangu. Si kwamba aliutoa; uliteremka wenyewe, kama kitu kilichokatwa kamba. Petrine alikuwa anautazama ukungu kwa macho makavu, mdomo wazi, na wakati ule ningeweza kupiga kelele na asingekuwa na nguvu wala nia ya kunizuia. Labda hata yeye alikuwa anataka nipige. Labda kumwelekeza kulikuwa bora kuliko kumwacha apeperuke bila kujua yuko wapi. Nimeligeuza jambo hilo miaka yote hii na bado sijui.

Nilifunga mdomo wangu mwenyewe. Nilishika kiganja chake, sasa kimelegea, nikakaa.

Mara ya tatu injini ilishika. Dunk. Dunk. Dunk-dunk-dunk. Ikanguruma, ikarudi nyuma, ikazunguka, ikaanza kufifia kuelekea rasini. Alituita mara moja tena kwa mbali. Petrine akainama akatapika kwenye mawe.

"Haya," nikamwambia nilipoweza kusema. "Sasa utapanda mgongoni kwangu."

"Wewe?"

"Unamwona mwingine?"

Nilifunga mguu wake kwa vipande vya mbao vilivyoletwa na bahari na kwa kitambaa changu cha shingoni, nikamkalisha juu ya jabali, nikamgeuzia mgongo. Tulikipata kijito kwa masikio, kama alivyosema. Nilipanda nikishika majani, mizizi, chochote. Alipokuwa mzito kupita kiasi nilimtua, nikapumua, nikambeba tena, na kila nilipomtua nilimpiga makofi mashavuni asilale.

"Mzito?" akauliza wakati mmoja, kichwa kimeniegemea shingoni.

"Kama gunia la viazi."

"Basi ni vizuri ulivyonona," akasema, na nikasikia tumbo lake likitikisika mgongoni mwangu. Alikuwa anacheka. Au analia, sikugeuka kutazama.

Karibu na kilele tulitoka juu ya ukungu, kwenye jua la jioni, na pale tukakutana na Hilbert na wanaume wengine watatu, wamebeba kamba na mablanketi. Hilbert alitutazama, akavua kofia. Hakufanya mzaha wowote.

Oddvar alitukuta nyumbani. Aliingia na mabuti yake ya baharini, maji yakichuruzika sakafuni, akanishika, akamshika mama yake, akarudi kunishika mimi.

"Nilifika mpaka pale," akasema. "Mpaka Majirani. Nilizima injini. Niliita mpaka sauti ikakauka. Hamkunisikia?"

Petrine alikuwa amelazwa kwenye benchi la jikoni, mguu juu ya mto, akingoja boti ya daktari. Alininyooshea kikombe nimjazie kahawa.

"Na mawimbi yale?" akasema. "Hata malaika angeita tusingesikia."

Oddvar akanigeukia. "Torunn?"

"Mawimbi yalikuwa makubwa," nikasema. Na yalikuwa makubwa kweli.

Alitutazama, mmoja baada ya mwingine, halafu akaenda kutundika koti lake.

Tulioana majira ya kuchipua yaliyofuata. Sikumwondoa. Sikujaribu hata, na Petrine hakunikumbusha tena. Nadhani tulipokuwa nyuma ya lile jabali alipata kitu alichokuwa anakitafuta kwangu, ingawa hakikuwa kile alichoniomba. Nilihamia Nesvika, nikazaa, nikajifunza kupasua samaki. Kila dhoruba ilipomkuta Oddvar nje, mimi na Petrine tulikaa jikoni bila kuwasha redio, tukinywa kahawa nyeusi, na hakuna kati yetu aliyemwambia mwenzake usijali. Alituacha akiwa mzee sana, usingizini. Habari za siku ile hatukuwahi kuzizungumza.

Siku hizi ile njia ya mlimani imewekwa ngazi za mawe na kibao cha mbao, na wageni wanapita na makoti yao ya rangi, wanatuuliza kama maji ya Yttersand ni salama kuogelea. Mwaka jana, baada ya Oddvar kuuza mashua, tulikwenda huko sisi wawili, taratibu, magoti yakilalamika. Alikuwa hajawahi kufika kwa miguu tangu harusi yetu. Maji yalikuwa yamekupwa, na Majirani walikuwa nje wote, weusi, wameketi. Oddvar alikaa kwenye mawe akawatazama kwa muda mrefu. Akapima kwa macho kutoka mwamba wa mwisho hadi tulipokuwa. Si mbali.

"Ningewasikia, ningeingia," akasema.

Nilikuwa nafungua chupa ya kahawa. Nikaifunga tena.

"Tulijua," nikamjibu.

Hakuuliza ni mimi na nani. Aliinuka, akanipokea mkoba, tukaanza kupanda.